Kiroboto wa Dakika ya Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Yupo tena! Dakika ya kumi na tano kilele changu kwenye grafu ya mashine kinasimama kama mnara. Kinateremka vizuri, taratibu, moyo unaanza kushukuru — na dakika ya kumi na saba, kabla hakijagusa chini, nundu. Ndogo. Ya kipuuzi. Imeganda mgongoni pa kilele kama kiroboto kwenye ng'ombe. Basi ndilo jina lake: Kiroboto. Na kilele chenyewe, protini yangu ya miaka minne, naye ni Mkubwa.

Zamani Kiroboto alikuwa kakunjo tu, unamtafuta kwa miwani. Tangu tufungue mfuko mpya wa mbegu amenenepa. Wiki ya tatu hii napigana naye. Nimeosha kolamu kwa alkoholi. Nimeiosha kwa chumvi. Nimeipindua nikaiosha kinyumenyume. Nimechuja bafa, yale maji ya chumvi yanayosukuma sampuli, mara mbili. Hajali.

Fundi wa mashine kaja, katia sikio kwenye pampu kama daktari wa watoto, kasema sili, kipete cha kuzuia uvujaji, imechakaa. Mpya itafika kesho. Huyu ndiye Bwana Kesho, na jina hakulipata bure. Nikamwuliza hiyo kesho ni ya mwaka gani. Kacheka. "Daktari, una haraka ya mtu aliyeacha jiko linawaka."

Profesa kasimama mlangoni, hakuingia. Wafadhili wanakuja tarehe ishirini na nane kusomewa ripoti. Anataka grafu ya kilele kimoja. "Kimoja tu, Daktari. Cha pili kinazaa maswali."

Jumanne, 5 Machi

Mama anaishi nasi tangu goti limsumbue. Miaka thelathini alikuwa fundi cherehani, na mpaka leo hawezi kukusalimia bila kukagua mshono wa bega lako. Asubuhi kaniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani wanamwuliza naye anawajibu "anachemsha dawa".

Nikamweleza. Kuna kichaka cha porini ambacho mbegu zake haziingii ukungu hata ukizilaza kwenye maji. Ndani yake mna protini inayoua ukungu. Tukiipata ikiwa peke yake, halafu tukaitengeneza kwa wingi, nafaka za watu hazitaoza ghalani. Kwa hiyo tunasaga mbegu, maji yake tunayapitisha kwenye kolamu — bomba la chuma lililojaa chembechembe laini zenye vitundu. Protini kubwa haziingii vitunduni, zinapita mbio. Ndogo zinaingia, zinazubaa, zinachelewa. Kila inayotoka, mashine inaichorea kilele.

"Kama kuchekecha unga."

Kama kuchekecha unga, ndiyo, Mama.

"Na wewe wiki tatu unaosha chekeche. Unga umeutazama?"

Nikamwambia chai inapoa.

Kazini nimekuta barua pepe ya yule binti wa maabara rafiki. Ya nane! Yeye anatengeneza Mkubwa ndani ya bakteria, kwa kufuata makala yetu hatua kwa hatua. Ndiyo shahada yake ya udaktari. Protini anaipata, nyingi, safi, ila haiui ukungu. "Samahani sana kwa kukusumbua tena, labda kuna mahali nakosea." Bila shaka kuna mahali anakosea. Tumeandika kila kitu, mpaka joto la chumba. Nimemjibu mistari miwili: kagua friza, rudia.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimepitisha bafa tupu. Bila mbegu. Kama Kiroboto ni uchafu wa kolamu, lazima angetokea hata bila mbegu.

Hakutokea.

Mara ya pili. Hakutokea. Mara ya tatu, mstari umelala bapa kama shuka la hospitali.

Kwa hiyo anatoka kwenye mbegu. Vizuri. Sijui kwa nini nimeandika vizuri. Nimekasirika hadi nimevunja kizibo cha chupa ambacho hakijanikosea lolote.

Jumatatu, 11 Machi

Sili imefika! Bwana Kesho kaifunga huku anapiga mluzi, kasimama pembeni kama bwana harusi. Tukawasha. Pampu inanong'ona tu, raha. Kiroboto? Yupo. Ameonekana vizuri kuliko siku zote — sasa ana hata kichwa!

"Angalau tunamwona," kasema Bwana Kesho.

Angalau akafie mbali.

Nimechoka kumfukuza. Nitamtoa. Kolamu ndefu ipo kabatini, haijaguswa tangu inunuliwe kwa sababu inakula siku nzima kwa sampuli moja. Nitaiunga, nipunguze kasi, hawa wawili waachane. Kiroboto apate kichupa chake, Mkubwa abaki msafi, Profesa apate grafu, nami nilale.

Jumatano, 13 Machi

Wameachana!! Saa tisa za kukaa kwenye kiti kisicho na mgongo, lakini wameachana. Mkubwa huku, Kiroboto kule, bonde kati yao ungeweza kujenga barabara. Nimepiga makofi peke yangu. Mtu wa udongo, yule anayepima udongo chumba cha pili, kachungulia, kaona ni mimi, karudi kwake.

Nimepanda ukungu kwenye visahani. Matone ya Mkubwa safi juu ya visahani vitatu. Kiroboto kisahani kimoja, kwa kutimiza utaratibu tu. Majibu Ijumaa. Nimempelekea Profesa grafu. Kajibu kwa neno moja: "Hatimaye."

Ijumaa, 15 Machi

Nimechanganya lebo. Lazima nimechanganya lebo.

Visahani vya Mkubwa, ukungu umestawi kama niliutilia mbolea. Mweupe, mnene, umelala juu ya matone bila wasiwasi. Kisahani cha Kiroboto — duara tupu katikati, safi, pana kama kifuniko cha chupa. Ukungu umefika ukingoni umesimama.

Bwana Kesho kaingia kuchukua bisibisi. Kanitazama. "Daktari, pole. Nani amefariki?"

Hakuna aliyefariki. Ni lebo. Narudia yote. Safari hii nimempa yeye vichupa avipe herufi, karatasi ya siri akae nayo mfukoni, mimi nisijue kipi ni nani. Kaona heshima kubwa. Karatasi kaikunja mara sita.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kuvitazama, Jumapili! Kisahani A, C na D, ukungu. B na E, duara. Sijui herufi. Mume wangu kaniambia asubuhi nimetia chumvi kwenye chai yake. Yeye ni mwalimu wa hesabu, kainywa yote kwanza ndipo akasema.

Jumatatu, 18 Machi

Bwana Kesho kafunua karatasi yake. B, Kiroboto. E, Kiroboto.

A, C, D — Mkubwa, Mkubwa, Mkubwa.

Nimeendesha jeli pia, ile inayopanga protini kwa ukubwa. Kiroboto ametoa mstari mmoja mwembamba, chini kabisa, hana hata mwenzake. Protini ndogo, safi, kamili. Siyo uchafu. Siyo kipande cha kitu. Ni yeye.

Mkubwa hajawahi kuua hata ukungu mmoja. Tulikuwa tunakusanya kutoka dakika ya kumi na nne hadi ya kumi na nane, tunamimina kichupa kimoja, na tone la Kiroboto humo ndani ndilo lililokuwa linafanya kazi. Mkubwa alikuwa anapokea salamu tu. Miaka minne! Makala! Jina langu mbele, la Profesa nyuma, na picha ya Mkubwa katikati ya ukurasa kama bwana shamba.

Na yule binti. Anatengeneza mwaka mzima protini ambayo haifanyi kitu, anajilaumu, nami namwambia akague friza.

Jumanne, 19 Machi

Nilitaka kujua Kiroboto ameanza kuonekana lini. Nikateremsha madaftari ya zamani ya maabara, rafu ya juu, vumbi mpaka kwenye kope. Daftari la tatu. Ukurasa una grafu iliyobandikwa kwa gundi, na kando yake mwandiko wa penseli, mdogo, ulionyooka kama umepigwa rula:

"Dakika ya 17 kuna kitu. Hutokea kila mara, kwa kipimo kilekile. Naomba tukipime chenyewe."

Mwandiko wa Kimya, mwanafunzi wetu wa zamani.

Chini yake, kalamu nyekundu: "Uchafu. Usipoteze muda wa mashine."

Mwandiko wangu.

Nimekaa na hilo daftari sijui muda gani. Kimya alikuja kwetu kufanya shahada ya pili. Maneno matatu kwa siku, mawili kati ya hayo ni "shikamoo, Dada". Sasa nakumbuka vizuri siku ile. Alisimama kando ya meza yangu, kashika hiyo grafu kwa mikono miwili. "Dada, nipe wiki moja tu." Nikamwambia mashine si gari la kujifunzia. Nilikuwa naandika makala. Nilikuwa na haraka. Akasema sawa.

Hakuacha, lakini. Kila nikifungua majibu yake, kaizungushia duara dakika ya kumi na saba. Nikachoka. Profesa aliponiuliza maendeleo yake, nilisema anang'ang'ania mambo madogo. Kwenye fomu ikaandikwa "hana mwelekeo". Nikatia sahihi. Miezi miwili baadaye meza yake ilikuwa tupu, na shahada hakuipata. Hata kuaga sikumwona, au aliaga mimi sikusikia.

Hana mwelekeo! Mtu pekee humu aliyekuwa nao.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwambia Profesa. Nilibeba visahani, jeli, karatasi ya herufi yenye mikunjo sita. Nilidhani atapiga meza. Hakupiga. Kavaa miwani, katazama kila kisahani kwa zamu, kavua miwani, kajifuta macho. Kwa muda kidogo alikuwa mzee tu aliyechoka.

Kisha kasema, "Hii ni nzuri sana."

Nikasema, "Nzuri?"

"Protini ya pili! Makala ya pili. Tunaandika kwamba mbegu hii ina silaha mbili."

"Haina mbili, Profesa. Ina moja. Ile ya kwanza haiui."

"Haiui kwenye visahani vyako."

"Wala kwa yule binti. Amejaribu mwaka mzima."

Kaanza kupanga kalamu zake kwa urefu. Alhamisi ijayo wageni wanakuja, kasema. Mradi una watu kumi na mmoja, wana watoto. Bwana Kesho ana watoto wanne, nilijua hilo? (Nilijua.) Tusome ripoti kama ilivyo, halafu baada ya miezi, kwa utulivu, tutaingiza hii mpya. "Kosa lina wakati wake wa kutajwa, Daktari. Ukilitaja kabla ya wakati linaitwa fujo." Na nisimwandikie mtu yeyote nje.

Nikataja Kimya. Nikasema penseli yake ipo daftarini, tarehe ipo.

"Nani?"

Hakuwa anajifanya. Hamkumbuki kabisa. Hilo limeniuma kuliko yote, maana na mimi hadi Jumanne nilikuwa simkumbuki.

Ijumaa, 22 Machi

Barua ya tisa ya binti. Fupi. Msimamizi wake ameona tatizo ni mikono yake, si protini. Amepewa hadi mwisho wa mwezi, akishindwa aache. Ananishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu wangu!

Nikaandika jibu. Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta. Nimerudi nyumbani kula mchana, jambo ambalo silifanyi kamwe, Mama akadhani nimefukuzwa kazi.

Mume wangu alikuwa anasahihisha mitihani mezani. Nikamweleza yote, nimesimama, sijavua viatu. Akasikiliza mpaka mwisho, kalamu bado mkononi.

"Sasa kigumu ni kipi? Umekosea, sema umekosea. Mimi wanafunzi wangu kila siku wanakosea."

Nikampigia kelele. Nikasema hesabu zake majibu yako nyuma ya kitabu, zangu hayapo, na hakuna mtoto wa shule aliyewahi kumharibia mwenzake maisha kwa kukosea kugawanya. Nilipiga kelele hadi jirani akafunga dirisha. Alingoja nimalize.

"Basi kigumu si kusema umekosea," kasema polepole. "Kigumu ni huyo kijana."

Mama kutoka kwenye kochi, bila kugeuka: "Mshono ukienda kombo unaufumua, mwanangu. Ukishona juu yake, nguo inavuta mpaka siku inachanika."

Sikuwa nimemwuliza.

Saa nane na robo mchana nimemtumia binti. Kila kitu: grafu, visahani, jeli. "Mikono yako haina tatizo. Makala yetu ndiyo yenye makosa. Umekuwa sahihi tangu barua yako ya kwanza." Nakala kwa msimamizi wake. Nimebonyeza, ndipo nikavua viatu. Nilikuwa sijala hata hivyo.

Jumatatu, 25 Machi

Binti kajibu Jumamosi. Neno la kwanza lilikuwa "Nimelia." Yaliyofuata sikuyasoma mpaka leo asubuhi. Si ya hasira. Ningependa yawe ya hasira. Ameomba sampuli ya Kiroboto aanze upya, na msimamizi wake ameomba radhi mbele ya maabara nzima.

Huyohuyo msimamizi kampigia Profesa.

Saa nne Profesa kaingia maabara, kaingia kabisa leo, si mlangoni. Mbele ya Bwana Kesho na mtu wa udongo. Nimemvua nguo hadharani, kasema. Nimeuza jina la watu kumi na mmoja ili mimi niitwe mkweli. Nikasema na langu lipo humo, tena mbele. Kasema Alhamisi atasoma ripoti mwenyewe, mimi nisikanyage ukumbini, na ufunguo wa chumba cha mashine aachiwe Bwana Kesho. Nikautoa kwenye mnyororo. Ulikataa kutoka! Kucha imevunjika, watu wote wamesimama wanangoja, hakuna anayesaidia.

Profesa alipoondoka, Bwana Kesho kauweka ule ufunguo mezani, kati yetu. "Mimi huwa nasahau vitu ovyo," kasema. Nikautazama. Sikuuchukua. Nikamwuliza kama ana namba ya Kimya.

Anayo. Kumbe wanasalimiana kila sikukuu! Yuko kiwanda cha rangi, anapima ubora. Ana mke, ana mtoto wa mwaka mmoja. Miaka miwili na nusu, na fundi wa pampu ndiye aliyeulizia hali yake.

Nimempigia kutoka ngazi za nyuma, karibu na mapipa. Nikajitaja. Nikasema nimefungua daftari la zamani, nimekuta grafu yake. Nikaanza kueleza, vibaya, naruka huku na kule, ndipo akasema:

"Dakika ya kumi na saba?"

Nikasema ndiyo.

"Ulikipima?"

Nikasema nimekipima. Nikasema kinaua. Nasikia mashine za kiwanda nyuma yake, zinasaga, zinasaga. Nikadhani simu imekatika.

"Niko kazini," akasema. "Kama una la kusema, njoo Jumatano saa saba. Mapokezi."

Hakuniita Dada.

Jumatano, 27 Machi

Naandika hapahapa mapokezi. Viti vya plastiki, ukuta una rangi tano tofauti kama sampuli, harufu inakaa kooni. Kesho ndiyo ripoti. Profesa amepiga mara tatu tangu asubuhi, sijapokea. Bwana Kesho ameandika ujumbe: wafadhili wawili wamefika leo, na mmoja amesikia jambo kutoka kwa ile maabara rafiki, ameomba aione mashine. Profesa anataka kujua nitasema nini nikiulizwa. Hata mimi nataka kujua!

Kimya alitoka saa saba kamili. Amenenepa kidogo, ana miwani. Koti jeupe lenye madoa ya bluu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nimeirudia njia nzima. Nikasema tu, "Ulikuwa sahihi, mimi nikakuzuia, halafu nikatia sahihi uondolewe." Mtu wa mapokezi akaacha kuchapa.

Alinyoosha mkono, si wa kusalimia, wa kupokea. Nikampa daftari, na picha za visahani, na barua niliyowaandikia wachapishaji wa makala kuomba isahihishwe. Sijaituma. Nimeandika humo kwamba aliyeiona protini ya kweli kwanza ni yeye, tarehe yake, ukurasa wake, na nafasi ya jina lake nimeiacha wazi kwa sababu — nimeona aibu kuliandika — sijui jina lake la katikati.

Alisoma amesimama. Akafika ule ukurasa. Nilimwona anaupitisha kidole, mwandiko wake, halafu wangu. Kidole kikakaa pale kwangu.

"Nilidhani nimechanganyikiwa," akasema. "Mwaka mzima baada ya hapo. Nilimwambia mke wangu labda naona vitu."

Nikasema samahani. Neno dogo hilo! Likaanguka sakafuni kati yetu, hakuna aliyeliokota.

"Kesho ripoti inasomwa?"

"Saa tatu asubuhi. Mimi nimekatazwa kuingia."

"Mimi sijakatazwa," akasema. Kisha, kama anayejiuliza mwenyewe, "Hakuna anayenikumbuka."

Akasema ana rangi kwenye mashine, akaimalize. Nimngoje. Kaenda na daftari, kaenda na barua.

Dakika arobaini sasa. Kupitia kioo namwona mgongo wake, kainama mezani, anaandika. Sioni kama ni fomu za rangi au ni barua yangu. Simu inatetemeka tena, Profesa, mara ya nne. Mtu wa mapokezi anasema nikitaka kuongea niende nje.

Ameacha kuandika. Amekwenda kwa bosi wake, mwanamke mwenye kofia ya njano, anamwambia kitu. Mwanamke anatikisa kichwa, hapana. Kimya bado anaongea. Maneno zaidi ya matatu, zaidi ya kumi, sijawahi kumwona akiongea hivyo! Mwanamke anatazama saa yake, ananitazama mimi kupitia kioo, anamtazama yeye.

Kimya anafungua vifungo vya koti lake. Sijui amepewa ruhusa ya kesho au anaondoka bila ruhusa —